Ukurasa wa Kumtafuta Kitinda

Niliweka jina la mama yangu mtandaoni, dunia nzima ilione.

Lilikuwepo pale, kubwa, la bluu. Na bado halikuweza kupatikana.

Usicheke. Nisikilize kwanza.

Mimi ni dobi. Mchana napiga pasi mashati ya watu, jioni nasoma kompyuta kwenye darasa la watu wazima. Wenzangu wengi ni wa umri wa wanangu. Walinibatiza Bibi Kipanya, kwa sababu siku ya kwanza nilikishika kipanya kama pasi, nikakikandamiza kwa nguvu zote.

"Bibi, taratibu," binti mmoja aliniambia. "Hiyo meza haina mikunjo."

Nilicheka nao. Lakini nilikuwa na jambo langu moyoni.

Mdogo wangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, aliondoka nyumbani baada ya kugombana na baba. Baba akafariki. Nyumba yetu ikabomolewa barabara ipite, tukahamia mtaa mwingine. Yeye hakuwa na namba yetu, wala sisi hatukuwa na yake.

Na sasa mama alikuwa anaumwa moyo. Alilala chumba cha mbele, kitanda kimeelekea mlangoni.

"Nimwone tu," aliniambia. "Hata akija amenuna, aje."

Mwalimu alipoanza kutufundisha kutengeneza ukurasa kwa programu ya kuchorea, nilijua Mungu amenisikia.

Nikachora. Juu jina kamili la mama, kwa herufi nyekundu. Chini jina la Kitinda, mtaa tunaoishi, namba yangu ya simu. Katikati nikaandika: Mama anakuita.

Nilimpelekea mama auone kwenye simu.

"Hiyo nyekundu ni ya kumfukuza mtu," akasema. "Weka bluu."

Nikaweka bluu.

Shida ilikuwa moja. Nikiufungua kwenye simu, maandishi yanahama. Namba inapanda juu ya jina, mtaa unakimbilia pembeni. Nilihangaika nao mpaka kichwa kikapata moto. Nikasali.

Kisha nikaona sehemu ya kuhifadhi kazi yote kama picha moja. Nikabonyeza. Maandishi yakatulia tuli, kwenye kila simu.

Nilipiga magoti palepale jikoni, nikashukuru. Nikaurusha hewani.

Kila niliyemtumia aliusifu. Nami nikasubiri simu.

Kila asubuhi mama aliniuliza, "Amepiga?"

"Bado, mama."

"Huo mtandao wako unafika mbali kweli?"

"Unafika kote."

"Basi yuko njiani huyo."

Alifariki akiamini hivyo.

Baada ya msiba nilirudi darasani, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Jioni hiyo tulijifunza kutafuta. Mwalimu alitaka kila mtu aandike maneno yaliyo kwenye ukurasa wake, aone kama utatokea.

Wa fundi saluni ukatokea. Wa muuza keki ukatokea.

Nikaandika jina la mama. Hakuna kitu.

Nikaandika tena, polepole. Hakuna.

Mwalimu akaja. Akajaribu kulishika lile jina kwa kipanya. Ukurasa mzima ukavutika kwa pamoja, kama bango.

"Mama, hii yote ni picha?"

"Ndiyo. Niliona maandishi yanatulia."

Alivuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Wewe unasoma jina," akasema kwa sauti ya chini. "Kompyuta inaona rangi tu. Mtu akiliandika ili alitafute, hawezi kufika hapa."

Yule binti aliyenitania siku ya kwanza aliniwekea mkono begani.

Tuliuandika upya, herufi kwa herufi. Nilipofika pale kwenye "Mama anakuita", vidole vilikataa kubadilisha. Nikaacha hivyohivyo.

Haikuisha wiki. Simu ikaita, namba ngeni.

"Dada?"

Sauti niliijua.

"Kila Jumapili naandika jina la mama, dada. Miaka yote. Leo ndiyo limetokea. Nilidhani mmenifuta."

Nilikaa kwenye kitanda cha chumba cha mbele.

"Dada, unanisikia? Nipe mama niongee naye."

Nilimwambia. Alilia, lakini hakukata simu. Nami sikukata.

Ndugu yangu unayesoma, ukimwachia mtu ujumbe, usiishie kuutazama ukiwa umekaa upande wako. Nenda usimame upande wake, uutafute kama yeye atakavyoutafuta. Fanya hivyo mapema, wakati anayemngoja bado anapumua.

Kitinda amekuja. Amelala chumba cha mbele. Asubuhi nasali kimyakimya nisimwamshe.

Hajaniuliza kwa nini ukurasa haukuonekana mapema. Namwomba Mungu anipe nguvu ya kumwambia kabla hajauliza.