Hakuna Soketi Ndani ya Fimbo Mbili

Wananchi wote kutoka Basotu hadi Haydom, wakulima, wafugaji na madereva wa kombaini, wanatangaziwa kwamba taifa liko ukingoni mwa ushindi mkubwa. Ushindi huo, kwa masikitiko, unapiganiwa bafuni.

Saa moja asubuhi, Juni 1985. Baridi ya Hanang inauma masikio, na ngano iliyoiva imetanda mpaka macho yanapoishia. Ndani ya nyumba ya kumi na tisa ya shamba la serikali, Fransiska Margwe amepiga magoti bafuni, bisibisi mkononi, akiing'oa soketi iliyowekwa shubiri moja kutoka kwenye bomba.

"Aliyeiweka hapa alitaka kuoga au kufa?" anauliza, akiitupa kwenye ndoo, juu ya nyingine kumi na nane.

Imebaki nyumba moja tu, ile ya wageni, na mkaguzi wa umeme kutoka Arusha anafika saa nne. Fransiska ana miaka ishirini na tisa, minne kati ya hiyo akiwa kibarua. Meneja, Ndugu Felician, amemwahidi kwamba mabafu yote ishirini yakipita, ataajiriwa kwa kudumu. Moja likikwama, arudi kwao Getanuwas akalime.

"Kulima najua," anasema. "Lakini mahindi hayana fyuzi."

Mwaka jana Basili, dereva wa kombaini, aliingia na redio bafuni, akaishika huku mkono mwingine uko kwenye bomba. Alirushwa hadi mlangoni. Alipona, ila hasikilizi tena mpira.

Mlinzi, mzee Gidabuday, anamulika tochi. "Umeme nao unakunywa maji?"

"Haunywi, baba. Unapita humo. Mtu mkavu unamng'ata na kumwachia. Aliyelowa haumwachii."

Kanuni inataka mita mbili na nusu kutoka majini. Tepu ya kupimia ilisagwa na trekta, hivyo Fransiska ameazima fimbo ya Gidabuday, na urefu wake mara mbili unatosha kabisa. Sasa akina mama wa shambani wanakaripiana: "Fimbo mbili, wewe!"

Swichi za taa nazo amezitoa na kuweka za kuvutwa kwa kamba inayoning'inia darini. Ya kwanza ilipofungwa, Gidabuday alitundika shuka lake juu ya kamba, taa ikawaka. Alitundika tena, ikazimika. Shuka lile lilitundikwa mara tisa asubuhi hiyo.

Adui amebaki mmoja. Mara tatu wiki hii dirisha la bafu la nyumba ya wageni limeonekana likifuka mvuke. Kuna mtu anavuta waya kutoka chumbani. Mwandishi wa habari hizi, mpwa wa meneja aliye likizo kutoka shule ya bweni, analala katika nyumba hiyo hiyo. Amelaani kitendo hicho kwa maandishi, na kupendekeza washukiwe madereva.

"Siku umeme ukifika Getanuwas," anasema Fransiska akivuka uwanja na mzee Gidabuday kwenda nyumba ya wageni, "nyumba ya kwanza nitaifungia waya mimi, ya mama yangu. Nikiwa fundi mwenye barua ya ajira."

Kufikia saa tatu bafu hilo nalo limekamilika. Saa nne, mkaguzi, Ndugu Ignasi, akiongozana na meneja, anafungua mlango wa bafu la ishirini. Ndoo inatokota. Ndani yake kuna hita, na waya wake umepita juu ya mlango hadi kwenye nondo ya dirisha, ukafungwa hapo kwa tai ya kijani.

Fransiska anakwenda kwanza kuzima swichi kuu, kisha anarudi.

"Fundi, hii ni kazi yako?"

"Hapana, Ndugu."

"Basi nionyesheni mwenyewe. Asipopatikana, naandika bafu limekwama."

Meneja anatazama viatu vyake. Kalamu ya mkaguzi inashuka. Fransiska anageuka, macho yake yakitua shingoni mwa mwandishi wa habari hizi.

"Mdogo wangu, wiki nzima unanihoji ukiwa na tai, unasema ni heshima ya kazi. Leo iko wapi?"

Mwandishi anawaamkia wote upya. Shikamoo ya mkaguzi, shikamoo ya mjomba, ya mzee Gidabuday, ya dada Fransiska. Zinaitikiwa zote, taratibu, mpaka zinakwisha.

"Ni mimi," anasema. "Maji yalikuwa ya baridi."