Mkungu Usiofunikwa

Yunus hajawahi kuonekana kwenye filamu hata moja, lakini watu wa Kaagya wameshamsikia akifa mara nyingi. Amepigwa risasi, amechomwa upanga, amezama na meli yake. Siku alipoachwa na mchumba wa Kikorea alilia mpaka akina mama wa benchi la mbele wakashika kanga zao kufuta machozi, na kumbe mwenyewe ana mke wake, Rahima, nyumbani Kitendaguro, tena anamwogopa.

Kazi yake ni kutafsiri filamu. Kila Jumamosi hufunga projekta na spika kwenye pikipiki, akatoka Bukoba mjini mpaka Kaagya alikozaliwa, na wiki nyingine akafika hadi Kimwani kule Muleba. Banda ni la mabati, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mchana ugeuke giza. Yunus hukaa pembeni na maiki yake, akaweka Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe, na panapotaka kicheko akatia Kihaya. Kiingereza chake ni cha kidato cha pili. Kinachopungua hukijaza kwa akili yake, na wapo wanaoapa kwamba filamu ikipita mdomoni mwake inakuwa tamu kuliko ilivyotengenezwa. Sharti lake ni moja tu: kimya kisipite. Waigizaji wakinyamaza, yeye anasema. Muziki ukipigwa, anasema. Kimya kikizidi, mtu wa nyuma anatoa simu yake, na akishaitoa umempoteza.

Mdomo huo aliupata mapema. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, baba yake alikuwa dereva wa lori asiyekaa nyumbani, na mtoto akawa anakula kwa jirani na kulipa kwa hadithi. Jirani huyo ni Alistidia, mjane Mlutheri ambaye kibanja chake, yaani shamba lake la migomba, kilipakana na chao. Yunus alimwita Mae, mama, na hakuna aliyemkosoa. Krismasi ikifika, Alistidia alimbeba kuku wake hai akampeleka kwa Mwislamu wa jirani achinjwe, ili Yunus naye ale pamoja na wengine. Watu wa kanisani walimtania kwamba kuku wake wanasilimu kabla ya kufa. Alistidia akawajibu kuwa kuku hana dini, mtoto ndiye anayo, na anakula kwake.

Miaka ikapita, ukaingia mnyauko wa migomba. Ugonjwa ule hauna huruma: majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukiikata moja unakuta imeoza ndani. Mabwana shamba wakasema kata yote, ng'oa visiki, ipumzishe ardhi. Alistidia alikifyeka kibanja alichoachiwa na mama mkwe wake, mgomba baada ya mgomba, na kaburi la mumewe lililokuwa kivulini likabaki juani. Alilia waziwazi. Yunus, aliyekuwa ameshika panga upande wa pili, alilia pia, safari hiyo bila maiki.

Miche mipya ilitoka maabara. Ilikuwa nshakala, ndizi ileile ya kupika waliyoila babu zao, ila imechukuliwa kwenye mgomba mzima na kuzalishwa ndani ya chupa ili isibebe ugonjwa. Hakuna aliyegusa vinasaba vyake. Watu wakaiita migomba ya chupa. Alistidia aliilea kwa samadi na matandazo, na kisu chake hakikugusa mgomba kabla hakijapitishwa motoni. Mkungu wa kwanza ulipokomaa hakuula. Aliupeleka Kitendaguro kwa bodaboda, umekaa wazi, kila mtu barabarani anauona. Rahima aliupika siku hiyohiyo, na Yunus akaomba aongezewe sahani.

Sasa, mwaka huu filamu zilimwishia. Za mapigano watu walikuwa wameshazikariri, wanasema maneno kabla yake. Mteja mmoja akampa flashi yenye dokumentari za vyakula: mbegu zilizobadilishwa vinasaba, makampuni makubwa yanayouza mbegu pamoja na dawa yake, kuku wanaonenepa mpaka miguu inashindwa kuwabeba. Haukuwa upuuzi. Yalikuwamo mambo ya kweli yanayomhusu mkulima, na mtu ana haki ya kujua mbegu anayopanda ni ya nani. Tatizo ni kwamba Yunus alielewa nusu, na nusu nyingine akaifanyia kazi kama anavyozifanyia filamu za majambazi. Wanasayansi wote akawapa sauti nzito ya jambazi mkuu. Mahindi yakawa yanacheka.

Banda lilijaa kuliko siku ya fainali. Watu walitoka wakikagua chakula chao. Datius, muuza chipsi kuku wa pale senta, alishinda siku nzima akieleza kuku wake walikozaliwa na walichokula. Jumamosi iliyofuata wakataka nyingine, tena ya kutisha zaidi, na Yunus, ambaye hajui kuwanyima watu wanachokitaka, akaweka nyingine.

Ndani ya hiyo ya pili kulikuwa na mama mmoja wa koti jeupe aliyeinua chupa ndogo ya kioo yenye chipukizi la kijani. Hakusema neno. Msimulizi naye akanyamaza, kinanda tu kikapigwa polepole. Kimya kikaanza kutambaa bandani, na Yunus akaona mwanga wa simu kule nyuma.

"Haya waitu, ndugu zangu, mnaiona hiyo?" akasema upesi. "Chupa hiyo mnaijua! Hata hapa Kaagya ipo migomba iliyozaliwa humo. Kuleni, halafu mjukuu akiota mkia msije kwangu!"

Bati lilitikisika kwa vicheko. Hakumtaja mtu jina. Lakini mwenye migomba ya chupa Kaagya alikuwa mmoja, na kila aliyecheka alimjua. Yunus mwenyewe alicheka, kwa sababu mzaha ukipokelewa vizuri una joto lake, na joto lile lilimtosha mpaka alipozima projekta.

Jioni ile alipita kwa Alistidia kumsalimia kama kawaida yake. Mama wa watu hakuwa amesikia lolote. Alikuwa amemkatia mkungu mwingine wa kumpelekea Rahima, na Yunus akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akatoa kiroba chini ya kiti cha pikipiki, akautumbukiza, akafunga mdomo wa kiroba kwa kamba.

"Unazifungia nini?" Alistidia akacheka. "Ndizi haziruki hizo."

"Vumbi, Mae."

Kusema kweli hapakuwa na vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Wiki ile wachuuzi wa soko la Bukoba walipita mlangoni kwa Alistidia wakanunua kwa jirani. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa akija kuomba machipukizi, akasema amebadili mawazo. Kisha mtu akamwambia sababu, na akamsimulia neno kwa neno, mkia na vyote.

Yunus alipokuja tena alimkuta anapalilia. Hakusimama kumpokea.

"Kwa hiyo lile lilikuwa vumbi," akasema.

Yunus alipiga magoti palepale kwenye matandazo. Alieleza kwamba ulikuwa utani, kwamba kimya kilimzidi, kwamba hakumtaja. Alisema nisamehe Mae mara nyingi, na alimaanisha. Alistidia alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Ningekuwa na hasira ungekula matusi," alisema. "Sina hasira, naumia. Ulinisema mbele za watu, Yunus. Usiniombe radhi huku nyuma ya nyumba."

Maneno hayo yalimwingia. Jumamosi akasimama mbele ya kitambaa cha projekta, kabla hajawasha kitu, akasema ile habari ya chupa aliitunga mwenyewe. Migomba ya Mae Alistidia ni nshakala ya kawaida, naye ameila. Bandani wakamsikiliza kidogo, halafu mmoja akapiga kelele, "Makampuni yamekupa ngapi?" Wakacheka mpaka wakapigana mabega. Walidhani ni utangulizi wa filamu. Alirudia, wakacheka zaidi, wakampigia makofi. Sauti iliyowatisha waliiamini mara moja. Ileile ilipotaka kuwatuliza ikawa kichekesho. Alirudi Kitendaguro hana raha, na Rahima, aliposimuliwa yote, hakumwonea huruma hata kidogo.

"Umeuficha mkungu wake ndani ya kiroba," alisema. "Mimi nisingekusamehe."

Mwezi haukuisha, mzee Kyaruzi wa Kaagya akafariki. Msibani kwa Wahaya kila nyumba huja na mkungu wake. Wanawake hutandika majani ya migomba, wakakaa chini wakamenya, na wanaume huenda kwenye kaburi, kuni na nyama. Mwanaume wa siku hizi anaweza kufua hata nguo za mtoto, lakini haketi na wanawake kumenya ndizi mbele ya kadamnasi.

Yunus alifika kwa kanzu nyeupe. Alimwona Alistidia ameinama anamenya ndizi za wenzake. Halafu akauona mkungu wa Alistidia mwenyewe, mkubwa kuliko yote, umeegemezwa kwenye mti wa kahawa pembeni, mzima, haukukatwa hata tana moja. Mikungu iliyoletwa baada yake yote ilikuwa imeshamenywa. Hakuna aliyemfukuza Alistidia, hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanapita tu kando ya mkungu kwenda na kurudi. Yunus aliona aibu ambayo hajawahi kuigiza.

Akaubeba begani. Utomvu ukachuruzika kwenye kanzu. Akauweka katikati ya wanawake, akakaa chini juu ya majani.

"Umepotea wewe," akasema Edvina, mama aliyeshika usukani wa jiko siku hiyo. "Wanaume wako kwenye kuni."

"Naomba kisu," Yunus akasema, kwa sauti yake ya kawaida ambayo wengi walikuwa hawaijui. "Huu ni mkungu wa Mae. Kama huu nimeula kwangu na watoto wangu, nikaja nikausema vibaya mbele yenu kwa sababu nilitaka mcheke. Naomba kisu."

Kikapita kimya. Kilikuwa kirefu, na Yunus hakukijaza. Kule kwenye kuni shoka lilisimama. Edvina alimtazama Alistidia, akamtazama huyu mwanaume na kanzu yake iliyokwisha kuharibika, akamrushia kisu.

Alimenya vibaya kupita kiasi. Nusu ya ndizi ilikwenda na ganda, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na mara mbili alijikata. Wanawake walijizuia kucheka, wakashindwa.

"Hebu tutafsirie basi unachofanya!" mmoja akamtania.

Yunus aliendelea kumenya. Ndipo Alistidia akasogeza jani lake, akakaa karibu naye, akamgeuzia kisu mkononi.

"Hivi," akasema. "Unanimalizia ndizi zangu kwenye maganda."

Edvina akavuta tana moja upande wake. "Leteni huku," akasema. "Tukimwachia huyu tutafika arobaini ya marehemu hatujala." Mwingine akavuta la pili. Zilipoingia kwenye sufuria pamoja na nyingine, hakuna aliyeweza kusema ipi ilitoka wapi. Wawili watatu waliondoka bila kula, wakisema wana haraka. Waliobaki walikula, na Yunus alikula akiwa amesimama, mbele ya wote.

Alipokuwa akiondoka, Alistidia alimwita nyumbani kwake. Mkungu mwingine ulikuwa tayari umekatwa. Yunus akainama chini ya kiti cha pikipiki kutafuta kamba, na mkono ukagusa kile kiroba.

"Usiufunike," Alistidia akasema. "Na upite njia ya bandani."

Aliufunga nyuma, juu kabisa, akaondoka kwa mwendo wa taratibu. Pale bandani watu walikuwa wamekaa nje wakimsubiri awawekee filamu, na walipouona mkungu wakaujua. Mmoja akapaza sauti kumuuliza unapelekwa wapi.

Yunus alisimamisha pikipiki ili wote wasikie.

"Nyumbani," alisema. "Watoto wangu hawajala."