Kadi Niliyoiandika kwa Mwandiko Mzuri

Mimi ni Mkuria wa mpakani. Kwetu, ukitoka nje asubuhi unaona moshi wa jiko la mjomba upande wa Tanzania, na sijawahi kuombwa cheti nikienda kumsalimu. Mstari waliouchora Wazungu kwa rula ulipita katikati ya ukoo wetu, nasi tukaendelea kuoana na kuzikana kana kwamba haupo. Nilikua nikiamini kwamba kuwa na watu ng'ambo ni utajiri, na kwamba mtu yeyote mwenye akili angefurahi kuutangaza. Niliamini hivyo mpaka nikamponza mwanamke mmoja ambaye hakunikosea lolote.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha jiografia Migori. Wafadhili fulani wa Nairobi walitaka maonyesho ya ramani za kale, zile zinazoonyesha jinsi mipaka ilivyochorwa na jinsi watu walivyohamahama kabla na baada yake, yazungushwe katika miji yetu midogo. Walinichagua mimi, nami nilivimba kichwa, nisifiche. Nilipata nakala za ramani za enzi ya Wajerumani na Waingereza, nikazibandika kwenye plaiwudi. Fundi seremala mmoja, kijana wa upande wa Asumbi, alizitia bawaba ili zikunjike, na yeye ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu iliyozibeba.

Ramani peke yake hazikunitosha. Mtu anatazama mistari na majina ya Kizungu, anapiga miayo, anaondoka. Nikaongeza ubao wangu mwenyewe, ramani tupu ya eneo letu lote hadi Musoma, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mgeni wa maonyesho akinisimulia babu zake walitoka wapi, nilichoma pini mbili na kuvuta uzi mwekundu wa sufi kati yake. Kando ya uzi niliweka kadi yenye jina la mwenye mji, jina la kijiji, walikotoka na sababu. Wanafunzi wangu walizoea kunisikia nikisema kwamba historia isiyo na jina ni uvumi. Tena nilikuwa na mwandiko mzuri, walimu wenzangu wote waliniletea kadi zao za harusi niwaandikie.

Tulianzia Migori, katika ukumbi wa kanisa. Ukumbi ule ulifagiliwa na mama mmoja mjane, mwenye umri wa kunizaa. Akimaliza kufagia alisimama mbele ya ubao wa nyuzi, ufagio mkononi, akitazama tu. Siku ya nne nilimwuliza kama na yeye ana uzi.

Alicheka, akaangalia mlangoni, akasogea karibu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, changu cha darasani, lakini tulielewana.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "babu ya bwana yangu alitoka huko chini, Musoma. Njaa ilimtoa. Alikuja na dada yake na ng'ombe moja. Watu ya hapa wakampatia mahali ya kulima."

"Na nyinyi mko hapo mpaka leo?"

"Tuko. Bwana amelala hapo, baba yake amelala hapo. Lakini hiyo ni maneno ya nyumba, japuonj."

Maneno ya nyumba. Niliyasikia vizuri, masikio yangu hayana kasoro. Nikamwambia si kitu cha kuonea haya, hata mimi wajomba zangu wako huko huko. Nikachoma pini, nikavuta uzi kutoka Musoma hadi kijijini kwake, nje kidogo ya Migori. Aliugusa kwa kidole, akaufuata kuanzia kusini mpaka kwake, taratibu, akatabasamu. "Wacha ikae," akasema. Aliruhusu uzi. Kadi niliiandika baada ya yeye kuondoka, na isitoshe hakujua kusoma. Nikaandika jina la mume wake, jina la kijiji, na kwamba babu yao alipokewa na ukoo wenyeji akapewa ardhi ya kulima. Nikasoma tena nilichoandika, nikajipongeza.

Pale Oyugis, kituo chetu cha pili, tulipokuwa tukifungua mbao, fundi aliishika ile kadi akaisoma mara mbili.

"Mwalimu, hii ungetoa."

"Kwa nini? Ni uongo?"

"Si uongo. Lakini hapa umesema huyu mtu ni jadak."

Neno nililijua. Jadak ni mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya ukoo mwingine. Nilijua maana yake kama ilivyo katika kamusi. Fundi alijaribu kunieleza kwamba jadak anaweza kukaa vizazi vitatu, akazika watu wake, akasahaulika kuwa alikuja, na kwamba kusahaulika huko ndiko kunakomlinda. Ukoo wenyeji ukimkumbuka, unaweza kumwambia arudi alikotoka. "Hiyo neno," akasema, "mtu hasemi kwa barabara."

Nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia kazi yake ni bawaba. Najua sasa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba mkuu anaweza kuwa seremala aliyekuzidi akili akiwa mdogo kwako kwa miaka kumi. Lakini guu lililovunjika halikuwa langu, na ndiyo maana methali hiyo hainisaidii kitu.

Kendu Bay watu walifurahi mno. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu alileta familia nzima kuonyesha uzi wake, uliotokea nje kabisa ya ramani, mrefu kuliko zote, akitutania kwamba sisi wengine tulitembea hatua mbili tukachoka. Nikamtazama fundi kana kwamba nasema, waona? Aliinama akakaza bawaba.

Homa Bay ndiko tulikomalizia. Siku ya pili alikuja bwana mmoja wa makamo, koti safi, miwani, adabu tele. Alisoma kila kadi kwenye ubao wangu. Hakuna mtu aliyewahi kuzisoma zote, nami nilimpenda kwa hilo. Akaniambia ana jamaa Migori, na kwamba ile kadi ya mjane inahusu majirani zao wa zamani.

"Mwalimu, ungenipatia kopi ya hiyo moja? Vijana wetu hawajui historia kabisa."

Nilivuka barabara mwenyewe hadi duka lenye mashine ya kutolea nakala. Niliporudi nikaipiga muhuri wa maonyesho, muhuri niliokuwa nimeutengeneza ili barua zangu zionekane za maana, na juu ya muhuri nikatia sahihi. Hakuwa ameomba muhuri. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Miezi michache baadaye niliitwa mbele ya wazee wa ardhi. Hapo ndipo nilipojua kesi ilikuwapo muda mrefu kabla yangu. Shamba la mjane lilipakana na barabara, soko lilikuwa likikua kuelekea huko, na ukoo wenyeji ulitaka ardhi yake. Lakini wazee waliokumbuka nani alimkaribisha nani walikuwa wamekufa wote. Hapakuwa na shahidi. Mjane na wanawe wawili walisema wamekuwa pale siku zote, na hakuna aliyeweza kuthibitisha vinginevyo. Kesi ilikuwa inaelekea kufa yenyewe.

Yule bwana wa miwani alikuwa ameketi mbele, upande wa ukoo wenyeji, na kopi yangu mezani.

"Huu mwandiko ni wako?" mzee mmoja akaniuliza.

"Ni wangu."

"Na uliyoandika, ulipewa na nani?"

Mjane alikuwa kwenye benchi la ukutani, amevaa nguo yake ya Jumapili. Hakunitupia jicho baya. Alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kusema. Ningeweza kusema nilisikia kwa watu. Ningeweza kusema nilichanganya majina, kadi zilikuwa nyingi. Nimeyatunga majibu hayo mara mia tangu siku ile, mengine mazuri sana. Siku yenyewe nilikuwa mwalimu, nimesimama mbele ya wakubwa, nikalinda mwandiko wangu.

"Nilipewa na yeye mwenyewe," nikasema.

Nikaanza kueleza habari za mipaka, kwamba sisi sote tulitoka mahali, kwamba hata wenyeji wana uzi wao. Mzee akainua mkono. Alisema swali lilikuwa moja na nimeshalijibu.

Waliamua kwamba mjane akae pale mpaka Mungu atakapomwita, kwa heshima ya makaburi. Wanawe wasijenge wala wasirithi, watafute kwao. Nilimweleza fundi, maana nilihitaji mtu wa kunitukana. Aliendelea kupiga randa, akasema tu, "Pole, mwalimu." Ningependelea matusi.

Jumamosi moja nilinunua sukari kilo mbili na mkate, nikaenda kwa mjane. Alinitolea kiti, akanipa uji kwenye kikombe kikubwa. Mwanawe mkubwa alipita uani, akatusalimu kwa sauti ya chini, akaendelea na shughuli zake. Kando ya nyumba ya mama palikuwa na msingi wa mawe uliokuwa umeanza kuota nyasi.

Nilimwomba msamaha. Sikuzungusha maneno, nilisema nilikosa, nilionywa sikusikia, na nina huzuni.

"Hukusema uongo, japuonj," akasema. "Mimi pia sikukuambia uongo."

Kisha akanigeukia, bila hasira, akauliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelifikiria siku nyingi.

"Sasa, wewe unajua ramani. Huko Musoma, hiyo mahali babu alitoka, inaitwa nani? Vijana wakienda, watauliza nani?"

Sikujua. Kwenye kadi nilikuwa nimeandika Musoma tu, kwa sababu ndilo jina lililokuwa kwenye ramani, wala yeye hakuwahi kuambiwa jingine. Nilimwambia sijui. Aliitikia kwa kichwa, akachukua kikombe changu akaniongezea uji, nami nikaunywa.