Mikono Tatu Toka Mulango ya Nyuma

Mwezi uliopita ukuta wa nyumba yangu ya Baraka ulianza kutoka jasho. Nyumba yangu unaijua, rafiki, na kama huijui, ukifika Baraka uliza ile ya etaji, ghorofa yenye mabati ya kijani, hata mutoto atakuonyesha. Niliijenga kwa nguvu zangu, mimi niliyeacha masomo darasa la tano, mimi niliyeanza biashara kwa kuuza mafuta ya taa kwa chupa za soda. Basi maji yakavuja ndani ya ukuta wa chumba cha kuogea, rangi ikavimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikaita fundi. Akaja mwenye diplome, na kalamu sikioni, na kitu cha kwanza akaniuliza, "Patron, plan ya nyumba iko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumcheka yeye. Nilikumbuka plan moja, ramani niliyoijua zamani, ambayo haikuandikwa kwenye karatasi.

Nyumba ya koko ilikuwa upande wa mulima, mbali kidogo na ziwa. Koko ndivyo tulivyomwita mama wa baba yangu. Vyumba vitatu vya matofali mabichi, maana yake udongo uliokaushwa juani tu, bila kuchomwa, na juu yake plasta nyembamba ya simenti ili nyumba ionekane ya muntu. Asubuhi ilinuka moshi na mawese. Nilikuwa naamshwa na mutwangio wa koko, du, du, du, akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, na kabla sijafungua macho vizuri nilishajua kazi zangu: kufagia uwanja, kuchagua ndagala, samaki wadogo wa ziwa, na kutoa mawe madogo ya ufukweni yaliyojificha ndani yake, kisha kusimama kwenye robine na kushika bidoni za maji za bajirani.

Ndiyo, koko alikuwa na robine, maji ya kufungua na kufunga nyumbani kwake. Katika mtaa wote ule, ni yeye peke yake. Babu, mume wake, alikuwa amefanya kazi ya kulaza tiyo, mabomba ya maji, tangu ujana, na kwa malipo ya mwisho wakubwa wake walimpa vipande vilivyobaki. Akaviunganisha, akaleta maji kutoka kijito cha mulimani mpaka kwake. Wengine wangeiacha tiyo inje, ionekane. Babu akaisimamisha kwanza, kisha akajenga ukuta juu yake, akaifunika yote. Robine ikabaki inachomoza upande wa jikoni kama pua. Bantu walitoka Swima, walitoka Nundu, kuja kuona maji yanayotoka ukutani. Koko aliwaacha wafungue na kufunga mara mbili tatu, halafu anawaambia, "Inatosha, haiko ngoma."

Mimi nilikuwa muntu wa babu. Alipokuwa anatengeneza tiyo za bantu wengine, nilibeba mufuko wake wa chuma. "Leta te." Naleta te, kile kipande cha njia tatu. "Leta kude." Kude ni kile kipande kilichopinda, kinachogeuza tiyo kutoka kupanda na kuifanya ilale. Siku moja aliomba kude nikamletea te, akanigonga kichwani kwa kidole kimoja, lakini kidole chenyewe kilikuwa kama mupini wa nyundo. Sikukosea tena.

Kisha vita. Vya kwanza vilitupita tukiwa porini. Vya pili vilituvusha ziwa, tukaingia Kigoma kwa shangazi, na wakati wa kushuka kwenye mutumbwi babu akateleza kwenye mawe, mguu ukavunjika. Tulikaa kule mpaka tukasikia kwamba Baraka imetulia kidogo. Koko akasema lazima muntu arudi akae ndani ya nyumba, maana siku zile nyumba tupu haikukosa mwenye kuingia. Babu hakuweza kusafiri. Siku moja kabla ya kuondoka alikaa mulangoni, mguu umefungwa vijiti, akamwambia koko, "Nyumba ikiwa imesimama, nitakuja hata na mguu moja. Ikiwa imeanguka, usinieleze. Rudi tu, tuzeekee hapa."

Koko akainuka. Alimfulia babu shati lake jeupe la Jumapili, la mikono mirefu, akalikausha, akalikunja, akaliweka ndani ya kitambaa chake pamoja na sufuria. Shangazi akamwuliza, "Sasa mama, baba atavaa nini kanisani?" Koko akasema, "Atavaa mguu yake."

Mimi na koko tuliikuta nyumba imesimama. Milango ilikuwa imebebwa, vitanda vimebebwa, hata kijiwe cha kusagia pilipili kilibebwa, sijui na nani mwenye shida ya namna ile. Lakini kuta zilikuwepo. Robine ilikuwa kavu. Baada ya wiki chache banaume wa mtaa wakapanda kijitoni, wakazibua chanzo na kuunga palipokatika, na siku hiyo robine ilikohoa, ikatema kutu, ikatema chura mudogo, kisha maji. Bamama walipanga bidoni mpaka barabarani. Koko alipita kati yao akiwasalimia kama bibi harusi.

Siku ya tatu ukuta wa nyuma ukaanza kulowana. Kwanza doa kama sahani. Kesho yake doa kama mukeka. Nilipobonyeza tofali la chini, kidole kiliingia kama kinaingia kwenye bugali.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa kujenga, mwanaume mufupi, mwenye kujiamini kuliko urefu wake. Akaja, akaweka sikio ukutani, akasikia maji yanalia kila mahali.

"Mama, funga ile vane ya barabarani, maji ikatike," akasema. "Ukifunga, ukuta inakauka, mambo inaisha."

"Na hawa batoto watakunywa wapi?"

"Ziwa iko pale."

"Na kolera iko pale. We ndiye utachimba makaburi?"

Fundi akatoa sikio ukutani. Mwaka ule kila nyumba ilijua koko anasema nini.

"Basi tutafute mahali inavuja," akasema. "Nikifuata tiyo toka kwa robine, nitakata ukuta yote kama mukate. Udongo hii imelewa maji. Nikiitoboa mara moja, itavumilia. Mara mbili, labda. Mara ya tatu tutalala inje sisi wote, mimi nitakuwa mbele nakimbia."

Alituchekesha, lakini tuliona koko amekaza kitambaa kichwani. Ilibidi kutoboa mahali sahihi, na mwenye kujua mahali yuko ng'ambo ya ziwa.

Tulikwenda kwa foni. Wewe wa leo mwenye simu mbili mufukoni huwezi kuelewa foni. Ilikuwa kibanda chenye antena ndefu na redio ndani, batri ya gari chini ya meza. Unatuma neno leo kwamba fulani aitwe, kesho saa nne unarudi, na yeye kule amesimama. Mnaongea bantu wote wakisikia, wanaongoja zamu wamekaa kwenye benchi, wanajua nani ameoa na nani ameachwa. Ukimaliza maneno yako lazima useme "avu," ili mwenzako ajue sasa ni zamu yake.

Koko alishika kile chombo kwa mikono miwili. "Muzee, maji imerudi. Ukuta ya nyuma inalowana. Tiyo ulipitisha wapi? Avu."

Redio ikanguruma kama inakaanga samaki. Sauti ya babu ikatoka mbali, nyembamba. "...Mikono tatu toka mulango ya nyuma... kwa kude... urefu wa kiuno..." Kisha mungurumo tu. Opereta akageuza vifungo. "Imekatika, mama. Ni mawingu."

"Inatosha," fundi akasema. "Nimesikia vizuri. Mikono tatu kwa kude." Akakunja mukono, akapiga kiwiko chake. "Kude si hii? Hata munganga anaita hii kude, kwa Kifaransa. Anataka tupime toka kude mpaka kwa vidole."

Na ni kweli, Wafaransa wanaita kiwiko hivyo. Fundi alikuwa amesoma kunishinda. Akarudi, akaweka kiwiko penye mulango, akahesabu moja, mbili, tatu, akatia alama, akatoboa.

Udongo ukatoka. Udongo tena. Hakuna chuma. Alipopitisha mukono upande wa pili, tulisikia ukuta unasema kitu, sauti ndogo kama muntu anayevunja kijiti, na ufa ukashuka toka juu mpaka kwenye tundu. Fundi akatoa mukono polepole sana. Koko akakaa juu ya bidoni. Hakulia. Alitazama ufa ule kama unavyotazama muntu unayemdai maelezo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mimi nilipoingia. Nilikuwa na miaka kumi.

"Koko," nikasema, "kude haiko mukono. Kude ni ile chuma yenye kupinda."

"We mutoto, unajua nini?" fundi akasema.

"Babu alinigonga juu yake."

Koko akaniangalia. Kisha akaanza kucheka, cheko la chini, mabega yanatikisika. "Alimugonga kweli. Nilikuwa pale, alilia mpaka bugali ikapoa." Akasimama. "Muzee hakusema kupima kwa kude. Alisema ukifika mikono tatu, unakuta kude. Mikono, mizima, toka kwa bega."

Fundi akanyoosha mukono wake mara moja, aanze upya.

"Shusha," koko akasema. "Hiyo mukono yako ni ya kufikisha bugali kwa kinywa. Mwenye kujenga hapa alikuwa murefu."

Akaingia chumbani, akatoka na shati jeupe. Aliweka mushono wa bega kwenye fremu ya mulango, akanyoosha mukono wa shati kwenye ukuta, taratibu, akiusawazisha kwa kiganja kama vile ndani mna muntu. Mukono wa shati ukaishia penye kifungo. Akaingiza ndani yake mukono wake mwenyewe, kiganja chote kikatokea mwishoni, akafunga macho. Sisi tukangoja. Akafungua macho, akasogeza kidole changu mbele ya kidole chake.

"Vidole vyake vinapita vyangu na kiungo moja," akasema. "Weka hapo. Usitoe."

Nikaweka. Akahamisha shati. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu. Fundi alitia alama kwa mukaa. Koko alifunga vane mwenyewe, akawaambia bamama wa foleni, "Mukae, haitachelewa."

Patasi iligonga chuma kwa pigo la nne. Kude ilikuwa pale, katikati kabisa ya tundu, imekula kutu, na kwenye shingo yake ufa mwembamba ambao bado ulitoa maji yaliyobaki ndani. Kude mpya haikupatikana siku zile kwa bei yoyote. Tulikata mupira wa ndani wa baisikeli kuwa kamba ndefu, na kwa sababu vidole vya fundi vilikuwa vinene, mimi ndiye niliyezungusha kwa nyuma, nikivuta mpaka ngozi inabanduka, duru juu ya duru, kisha waya. Kazi ile ilishika miaka. Nimetengeneza vingi maishani, nimejenga na kujengewa, lakini kama kuna kitu naweza kujisifu nacho bila kuona aibu, ni ule mupira.

Hatukuziba matundu upesi. Tuliweka gogo kuegemeza ukuta penye ufa, tukaacha upepo uingie. Kila asubuhi koko alibandika shavu lake ukutani. Doa likapungua kutoka mukeka kuwa sahani, sahani kuwa kikombe. Siku tofali la chini lilipokataa kidole changu, akajifunga kitenge kizuri, tukarudi kwa foni.

"Muzee, nyumba imesimama. Avu."

"Kude mulipata? Avu."

"Tulipata. Mikono tatu. Avu."

Mungurumo. Kisha babu, muntu wa kazi, akataka kujua kazi ilifanywa vipi. "Mulipima na mukono ya nani? Avu."

Koko alitazama benchi, bantu wote wale wanaosikia. Akageuka upande wa ukuta kidogo. "Yako," akasema. Alisahau kusema avu.

Redio ikakaanga samaki wake. Opereta akainama kwenye chombo, "Muzee, ni zamu yako, bantu wanangoja." Ndipo sauti ikarudi, na haikuwa ile ya kuuliza kazi.

"Basi niwekee maji ya kuoga," babu akasema.

Alikuja na mutumbwi wa biashara, na fimbo. Maji yalikuwa tayari, ya moto. Aliishi miaka sita ndani ya nyumba ile, koko naye akamfuata kaburini baada ya muda mufupi. Kibanda cha foni hakipo, pale sasa wanauza mandazi. Fundi yule alienda Lusenda kujenga, hakurudi tena mtaani kwetu.

Na nyumba niliivunja mimi. Ndiyo, palipo etaji yangu leo ndipo ilipokuwa. Nilileta banaume sita, mpaka saa sita mchana ilikuwa imerudi kuwa udongo, nami nilisimama pembeni nikipiga hesabu ya simenti. Sasa hivi, rafiki, wakati mwingine natoka nyuma, nanyoosha mukono wangu hewani, najaribu kujua vidole vyake vingefika wapi. Vyangu vinapungua, najua, lakini kwa kiasi gani sijui. Siku ile ya kuvunja, ukuta ulikuwepo, mulango ulikuwepo, na tundu la kude lilionekana bado chini ya plasta. Kunyoosha mukono toka mulango mpaka tundu ilikuwa kazi ya dakika moja. Sikupima.