Jezi za Rangi ya Udongo

Fundi Chovya alijaliwa mdomo. Mikono alipewa dada yake mkubwa. Ndugu hawa wawili walikuwa na karakana ya kutia nguo rangi nyuma ya nyumba ya wazazi wao: mapipa matatu, jiko la kuni, na kamba za kuanikia zilizokatiza ua mzima. Dada alipika rangi. Kaka alipokea wateja na kupiga soga.

Timu ya taifa ilipokuwa inasafiri kwa mara ya kwanza kwenda kucheza ugenini, chama cha mpira kiliwaletea jezi kumi na sita nyeupe. Zitiwe njano, ile njano ya bendera. Dada alikuwa na safari ya kliniki, akamwachia kaka pipa na onyo moja.

"Mdogo wangu, geuza nguo bila kuacha. Ukiacha tu, zinashika mabaka."

Lo! Na yule ni mtu wa kuachiwa pipa? Alipita mteja mmoja mshabiki, ukazuka ubishi wa nani asimame golini, na mwiko ukabaki unaelea peke yake. Dada aliporudi alikuta jezi zina mabaka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Timu ilikuwa inaondoka kesho yake asubuhi. Dada hakugomba. Alikoroga nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya mapazia, akaongeza kahawia kidogo, akazichovya zote upya na kuzigeuza mwenyewe saa nzima, jasho likimtiririka. Zikatoka na rangi ya udongo uliolowa mvua, sawasawa kila upande. Viongozi walinuna, lakini wangevaa nini? Timu ikazivaa, ikashinda tatu bila, na watu wakaanza kuisaka rangi ile madukani.

Mtangazaji wa redio akaja na kinasa sauti. "Nani aliyebuni rangi hii?"

Dada alikuwa uani anaanika. Fundi Chovya akajibu bila hata kumeza mate: "Mimi. Niliwaza udongo wa nchi yetu, uliotulea sote."

Redio iliporusha maneno hayo, dada alisikiliza mpaka mwisho. "Umeongea vizuri," alisema, akarudi kwenye pipa lake.

Fundi aliapa moyoni kwamba atasema ukweli kesho. Ee, kesho hiyo! Bendera ilibaki na njano yake, lakini uwanjani majukwaa yote yalivaa kazi ya dada, na watoto shuleni wakafundishwa habari za udongo. Fundi akapewa cheti, akakitundika ukutani. Dada ndiye aliyekifuta vumbi kila Jumamosi, na hilo lilimtafuna Fundi kuliko yote. Mara ngapi alifungua kinywa akaishia kuomba chai!

Ilipotimia miaka arobaini tangu ushindi ule, chama kilimwalika aongee uwanjani kabla ya mechi. Safari hii alikata shauri: atasema yote. Ila alitaka dada asikie kwanza, amsamehe kwanza. Ni kweli kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka dada tangu mwaka juzi, lakini ziko siku alikuwa mzima kabisa. Alimkuta mchana amekaa kitandani, anakunja shuka vizuri. Akapiga magoti.

"Dada, ile rangi ni yako. Mimi niliharibu, wewe ukaokoa. Nilidanganya, nikala sifa zako maisha yangu yote. Nisamehe."

Dada alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Aa, baba, usiseme hivyo. Rangi ile alibuni mdogo wangu. Nilimsikia redioni kwa masikio yangu mwenyewe. Ukimharibia jina mdogo wangu, tutakosana mimi na wewe."

Fundi Chovya akaangua kilio. Dada akaacha shuka, akampa kitambaa, akamshika bega.

"Pole sana, baba," akasema. "Umefiwa na nani?"