Tangi Lililomngoja Mgeni

Mpaka leo nikiona utepe umefungwa mlangoni ukimngoja mkubwa fulani aje aukate, viganja huniwasha. Natamani kuukata kwa meno nipite zangu. Wenzangu kazini hunicheka, husema nina ugomvi na sherehe. Sina ugomvi na sherehe. Nina ugomvi na tangi moja la maji, upande wa juu wa soko la Kabati, ambalo mama yangu na wanawake wenzake walilijenga kwa ajili ya wasichana wa shule yetu, kisha wakakubali litiwe kufuli huku limejaa pomoni.

Nianze na maji yenyewe. Shule yetu ilikuwa juu ya kilima na mto ulikuwa chini, na mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Ukitaka maji ulichimba shimo mchangani, ukapiga magoti hapo ukichota kidogo kidogo kwa kata, ukingoja yajikusanye tena. Waliotumwa walikuwa wasichana. Walimu walihitaji maji ya kupikia na kuoga, jiko la shule lilihitaji maji, na sakafu za udongo zilihitaji kunyunyiziwa ili vumbi litulie. Kengele ya baada ya chakula cha mchana ikilia, wavulana waliingia darasani, nao wasichana wa darasa la saba walishika njia ya mtoni. Walibeba madebe mgongoni kwa mukwa, ule mshipi wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, na walirudi jua likielekea kuzama. Hesabu zilifundishwa alasiri.

Hakuna aliyeona ajabu. Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu mwema, mwimbaji wa kwaya, na alipoulizwa kwa nini wasichana hawafanyi vizuri katika somo lake alikuwa akisikitika kwa dhati kabisa. Alikisikitikia hicho kitendawili huku akinawa uso kwa maji waliyomletea.

Dada yangu alikuwa akirudia darasa la saba. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, kwa kuandika herufi kwenye majivu ya jikoni. Mara ya kwanza alianguka mtihani, na kilichomwangusha ni hesabu. Baba hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu, mvua zilikuwa zimemtupa misimu kadhaa. Alimwita dada uani, nasi wengine tukisikia, akanyoosha maneno. "Nakurudisha hii mara moja. Ukianguka tena, basi. Utakaa hapa usaidie mama yako mpaka upate kwako." Dada akasema asante. Alikuwa na adabu kuliko mimi.

Mama aliyasikia maneno hayo, na nadhani tangi lilianzia hapo. Alikuwa kiongozi wa mwethya, kundi la wanawake wa kijiji wanaofanya kazi kwa pamoja, leo matuta ya shamba la huyu, kesho paa la yule, kwa nyimbo na filimbi. Filimbi ilikuwa ya mama. Siku moja baada ya kulima walikaa wakinywa uji, akawauliza kwa nini mwethya ujengee kila mtu isipokuwa binti zao. Shule ina mabati, mvua ikinyesha maji yote yanamwagika uani na kuchimba mashimo. Kwa nini yasikingwe? Wakaanza kusuka vyondo, vikapu vyetu vya kamba, wakisuka hata njiani wakiwa na mizigo mgongoni, wakaviuza Kabati siku za soko, wakanunua simiti. Mwethya wa vijiji jirani ukaja na nyimbo zake kusaidia kubeba mawe. Mchanga waliutoa mtoni. Fundi alikuwa mwanamume, na walimlisha kuku mpaka akanenepa.

Tangi lilikwisha wakati joto la mwanzo wa mwaka likipasua midomo. Lilikuwa kubwa, la mviringo, limepakwa chokaa, na mfereji wake wa shaba uling'aa. Dada aliupitishia kidole kila alipopita. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini alasiri atakazokaa darasani.

Mvua za Aprili zikaja, tena za kweli. Maji yalishuka kwenye gata za paa kwa kishindo, na siku chache baadaye tangi likaanza kufurika kwa juu. Ndipo mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka letu kubwa, mtu wa suti ya kaki na kalamu mfukoni, alipopanda kilima akiwa na kufuli na utepe mwekundu. Akafunga mfereji. Akaufunga utepe pia, fundo zuri. Akatangaza mbele ya shule nzima kwamba tangi halitatumiwa mpaka lifunguliwe rasmi, na kwamba amekwisha kumwalika mgeni wa heshima, mbunge wetu, naye amekubali, bado kupanga siku tu.

Maji yaliyofurika yalikuwa yakimwagika chini bure. Wasichana wakaweka madebe yao pale yanapodondokea. Mwenyekiti akawafukuza, kwa sababu wanakanyaga matope yanayorukia chokaa, na mgeni atakuta ukuta mchafu. Wakaenda mtoni. Nimeandika sentensi hiyo na bado inanichoma: wakaenda mtoni.

Siku ya kwanza iliyopangwa, mgeni alipata safari. Ya pili, barabara ilikuwa mbaya. Ya tatu tulikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, akina mama na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja, tukaimba mpaka koo zikakauka, kisha kijana mmoja akaja kwa baiskeli kusema mheshimiwa anaomba radhi. Kila mara wasichana walikuwa wamepoteza wiki nzima wakifagia uwanja na kufanya mazoezi ya nyimbo. Mwethya ulikuwa umemnunulia mgeni mbuzi wa zawadi, dume jeupe. Mbuzi huyo alifugwa shuleni, akanyweshwa maji ya mtoni, na nani aliyachota nafikiri mnajua.

Nilidhani mama atalipuka. Sikuwa nimemwona akionewa na mtu. Lakini jioni moja dada alirudi mukwa umemwachia mchubuko kwenye paji la uso, akatua mzigo, akamkabili. Sisi tulikuwa tukipura mbaazi, mikono ikasimama.

"Mwaitu, hii maji tunangojea nini?" Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Tunangojea mgeni."

"Na mtihani nayo inangojea mgeni?"

Mama akaendelea kupepeta. "Sikia mwanangu. Tukifungua sisi wenyewe, yeye atakuja kufungua nini? Akikosa kitu ya kufungua hakuji. Asipokuja, tangi ya pili hatupati. Tunataka ingine ya hapa kijijini, hata hawa wadogo wasiende mto. Vumilia."

"Ninyi ndio mlijenga hii."

"Tulijenga, ndiyo. Na sasa mikono imeisha."

Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza, kwa sababu kofi la mama lilikuwa karibu. Nimelitafuna jibu hilo miaka yote hii. Mwenyekiti nilimwelewa: alitaka kusimama kwenye picha. Mgeni naye nilimwelewa. Aliyenishinda ni mama, mwanamke aliyeweza kuhamisha kilima kwa filimbi, aliyelijenga tangi kwa ajili ya binti mmoja hasa, kisha akamwambia binti huyohuyo avumilie. Alikuwa akiwaza juu yetu sote, najua. Alikuwa akituwazia sote kwa gharama ya mmoja, na huyo mmoja hakuulizwa.

Mgeni alikuja mwishowe, mwezi wa kumi, mtihani ukiwa umekaribia kabisa. Siku hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa amewaita darasa la saba kwa marudio ya mwisho. Wavulana waliingia. Wasichana walitumwa mtoni mapema kuliko siku zote, kwa sababu wageni wangehitaji chai, wali, na maji ya kunawa, na mfereji ulikuwa haujafunguliwa rasmi. Walipanda na kushuka kile kilima mara mbili, wakipita kando ya tangi lililojaa.

Gari likafika saa nane, vumbi likatufunika. Mheshimiwa alikuwa mnene, mcheshi, mwenye harufu nzuri. Dada alichaguliwa kumnawisha mikono kwa kuwa alikuwa na adabu. Alipiga goti na birika na beseni, akammiminia maji ya mtoni, yenye chembe za mchanga ndani. Mheshimiwa akamwambia, "Asante mama, soma kwa bidii, ee?" Watu wakapiga makofi.

Akakata utepe. Akafungua mfereji, maji yakatoka, akina mama wakapiga vigelegele hata mimi nikasisimka, siwezi kukana. Hakuyanywa, alipewa soda. Katika hotuba yake aliwapongeza wazee wa kamati kwa kuona mbali. Mama akasimama na kuomba tangi la pili, kwa maneno mazuri aliyoyatunga miezi yote ile. Mheshimiwa akasema amesikia kilio cha akina mama na atalitazama jambo hilo. Akapakiwa mbuzi wake, akaondoka.

Dada alianguka. Si kwa mbali. Mwalimu alisema ni hesabu tu, akasikitika tena. Baba alitimiza neno lake bila kelele. Mwaka uliofuata nikawa mimi wa darasa la saba. Kengele ya alasiri ikilia, niliingia darasani pamoja na wavulana, nikafundishwa sehemu na asilimia, na kupitia dirishani niliwaona wadogo wakichota maji mferejini wakirushiana. Nilipasua mtihani. Nikaitwa shule ya bweni ya wasichana. Dada ndiye aliyenisukia chondo cha kubebea vitabu.

Mheshimiwa hakulitazama lile jambo, au alilitazama akalipita. Niliporudi nyumbani likizo ya Desemba, nikiwa bado na sketi ya shule, nilikuta tangi la pili limesimama kijijini, karibu na kanisa. Mwethya ulikuwa umelijenga wenyewe, kwa vyondo vilevile, na mikono ile iliyosemekana imeisha. Mvua zilikuwa zimelijaza. Filimbi sasa ilikuwa shingoni mwa dada, mama akiwa amelalamikia magoti. Dada alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mtoto alikuwa amelala mgongoni mwake. Lile kovu la mukwa kwenye paji la uso lilikuwa limekolea.

Nilitazama mfereji. Haukuwa na kufuli, lakini chini yake ardhi ilikuwa kavu, hakuna aliyekuwa amechota. Nikamuuliza dada kwa dhihaka, maana hasira zangu zilikuwa bado mbichi, "Na hii inangojea nani tena?"

"Wewe," akasema. "Niliwaambia hii tangi itafunguliwa na mtoto wa shule. Yule wa kwetu."

Wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga nyuma yake, na mama miongoni mwao, akinitazama miguuni, si usoni. Dada akanipa kikombe cha bati. Kisha akapiga goti mbele yangu akiwa na birika na beseni, kama alivyofundishwa, akaanza kuninawisha mikono kwa maji ya mtoni, yenye chembe za mchanga ndani.