Tamthilia za wake wenza zilivyotaka kunikosesha mume hapa Gisenyi

Habari za humu ndani wakuu. Leo nami nafungua mdomo. Haya yalitokea sebuleni kwetu, macho yangu yanaona, na chumvi sijaongeza. Chumvi wameshaimaliza wenye tamthilia.

Kwanza mtujue. Baba ana wake wawili. Mke mkubwa, ambaye mimi namwita Mama Mkubwa, anaishi Goma, ng'ambo ya mpaka. Mama yangu ni wa pili, yuko huku Rwanda. Yeye na baba walifungishwa ndoa na shehe, maana sheria ya huku inatambua mke mmoja tu.

Mama Mkubwa na mama si marafiki, nisiwadanganye. Wanapigiana simu kukiwa na msiba au mtoto anaumwa. Miaka yote hiyo Mama Mkubwa alikuwa hajawahi kukanyaga nyumba yetu.

Basi nikapata mchumba, Innocent. Familia yake ilirudi kutoka Tanzania, ni Wakristo. (Hilo la dini tulishalimaliza kwa machozi, msiniulize.)

Shida ikawa mama yake. Mama Innocent na tamthilia ni chanda na pete. Huku filamu za nje zina mtu anayezisimulia kwa Kinyarwanda juu ya sauti za waigizaji, na anaongeza maneno yake. Kwenye ile anayoipenda yeye, mke wa pili ni mchawi, muuaji, mwizi wa shamba. Msimulizi akimwona tu anapiga kelele: "Chungeni sahani zenu!"

Siku moja Innocent akaniambia, "Mama anauliza kama mama yako na yule wa Goma wanaweza kula pamoja."

Nikacheka. Kicheko kile kilinitokea puani.

Ikafika siku ya kina Innocent kuja kubisha hodi rasmi, ile tunayoiita irembo. Baba alimbembeleza Mama Mkubwa aje, kwa sababu kuposwa bila mke mkubwa kuwepo kungeonekana kama jambo la kujificha. Akavuka mpaka pale Grande Barrière na kitenge chake kipya. Akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri gari.

Runinga ilikuwa inawaka. Na kilichokuwa kinaonyeshwa, wakuu, ni tamthilia ileile! Rimoti iko kwenye kochi, upande wa Mama Innocent. Nani angethubutu kumwomba?

Mke wa pili wa kwenye runinga akatoka jikoni na sinia la vikombe. Msimulizi akapiga kelele zake.

Hapohapo mama yangu akatoka jikoni na sinia la vikombe.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nisimame kidogo hapa kwa ambao si wa huku. Kwetu mwenye nyumba anaonja kinywaji kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa. Ni heshima, na ni kumwambia mgeni kwamba hakuna sumu. Ndiyo maana chai inamiminwa watu wakiona. Mama anajua hilo kuliko mimi. Lakini siku ile mikono ilikuwa inamtetemeka, akaogopa kumwagia wageni, akamimina jikoni. Kila mtu kikombe chake, tayari kimejaa.

Mama Innocent akapokea cha kwake. Akakiangalia. Akakiweka mezani.

"Asante dada, nitakunywa baadaye kidogo. Tumbo langu leo haliko sawa."

Innocent naye akashika kikombe bila kukipeleka mdomoni. Nilimkodolea macho. Mwanaume huyo alikula kwetu ugali wa muhogo mpaka akaomba kuongezwa, leo anatazama chai kama hajawahi kuiona!

Irembo ambalo mgeni hakunywa limekataliwa, hakuna tafsiri nyingine. Mama akabaki amesimama na sinia. Angefanya nini? Akionja chake, cha mgeni hakijaonjwa. Akiomba kuonja cha mgeni, amekubali kwamba anashukiwa. Na baba, mwenye wake wawili? Akakohoa tu. Nilimchukia baba yangu dakika ile, naandika hivyo hivyo.

Mama Mkubwa akasimama. Akaweka mkoba kwenye kiti. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Innocent, akachukua kikombe kilekile, akanywa mpaka nusu.



Akamgeukia mama yangu. "Chai iko muzuri, ila sukari umetia mingi. Leta kikombe ingine, hii ya mugeni nimeisha kuikunywa."

Halafu akachukua rimoti, akazima runinga.

Mama akaleta birika, akamimina mbele ya wote, akaonja, akatoa. Mama Innocent akanywa macho yakiwa chini. Maongezi yakaanza, na siku ya kutoa mahari ikapangwa.

Jioni nikamsindikiza Mama Mkubwa mpaka karibu na mpaka. Nikamwambia nimeshukuru, kumbe ulikuwa unamwamini mama siku zote.

Akasimama. "Kumuamini? Yewe! Mi naangaliaka ile filme kila siku. Woga ilinishika sana."

"Sasa ulikunywa juu ya nini, Mama?"

"Ungeolewa na nani, we? Mi nikikataa kuikunywa, nani angekubali?"

Akaenda zake kupanga foleni, hakugeuka.

Nimejifunza nini? Sitetei uke wenza, mimi mwenyewe siutaki, na Innocent nimeshamwambia. Nimemwona mama akilia siku za zamu ya Goma. Lakini wenye filamu wanatuonyesha sumu tu, na sisi tunaibeba mpaka kwenye sebule za watu.

Karibuni mchangie, hata wa kunitukana. Na kama kuna anayejua tamthilia ambayo mke mkubwa anakunywa chai ya mwenzake huku anaogopa, aitaje hapa. Nataka nimpelekee Mama Mkubwa.